Kugeuza banda la gari kuwa karakana ya nyumbani: mwongozo kamili kwa wakazi wa Unguja na Pemba

Pita mitaa ya Fuoni, Tomondo au Mbweni, uhesabu mabanda ya gari yaliyojengwa uwani, kisha uangalie ni mangapi yanalaza gari. Mengi yanalaza friji bovu, magodoro ya zamani, kitanda cha mtoto aliyekwisha kuoa, na mabati yaliyobaki siku nyumba ilipoezekwa. Gari lenyewe liko nje chini ya mwembe. Banda la namna hiyo, hata likiwa na mita 3 kwa 6 tu, linamtosha kabisa mtu anayependa kazi za mkono: anayechonga ngalawa ndogo za mapambo, anayetengeneza mabao, masanduku na viti, au anayefungua redio na baiskeli jioni kwa raha yake.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, si wa anayetaka kufungua biashara ya useremala. Mifano yangu mingi ni ya kazi za mbao, lakini jengo lenyewe halibadiliki sana ukiwa mtu wa vyuma au wa vifaa vya umeme.

Neno moja naliweka mbele kwa sababu ndilo linalopanga yote yanayofuata. Visiwani kwetu adui wa karakana si udogo wa nafasi. Ni unyevu, chumvi ya bahari na joto la bati. Kwa hiyo fedha ya mwanzo iende kwenye paa, sakafu, hewa na nyaya. Mashine zije mwisho. Najua ushauri huu haupendezi, maana duka la mashine linavutia kuliko duka la saruji. Lakini msumeno mzuri ndani ya banda linalovuja hauvuki masika mawili bila kutu.

Kabla hujabomoa chochote

Toa vyote vilivyomo, hata vile unavyodhani vitakuwa na kazi. Banda likiwa tupu ndipo utaona ukuta ulivyo, mchwa walikopita na maji yanakoingilia.

Pima urefu, upana na kimo, uchore kwenye karatasi yenye miraba. Kisha jiulize ni kitu gani kirefu kuliko vyote utakachokishika humo. Karatasi ya plaiwudi ina mita 1.22 kwa 2.44, na ukitaka kuisimamisha na kuigeuza ndani unahitaji dari ya mita 2.7 hivi. Mbao za paini zinazovushwa kutoka bara mara nyingi zina futi 12, yaani karibu mita 3.7. Msumeno wa meza unataka nafasi mbele yake na nyuma yake: ukipasua ubao wa mita 3.7, unahitaji zaidi ya mita 7 kwa pamoja, na banda lako lina 6. Dawa ni kuuweka msumeno katika mstari wa mlango, ubao mrefu utokee nje. Hesabu hii ndogo ndiyo itakayoamua kama mlango mkubwa wa gari utazibwa wote au utabakishwa, nami naitaja mapema kwa kuwa watu wengi huziba kwanza na kufikiri baadaye.

Kuhusu ruhusa: kuweka benchi na taa ndani ya banda lako ni shauri lako mwenyewe. Kuziba uwazi mkubwa, kutoboa dirisha upande wa jirani au kuinua paa ni ujenzi, na ujenzi unataka kibali. Anza kwa sheha, naye atakuelekeza kwenye baraza la manispaa, baraza la mji au halmashauri kulingana na unapoishi. Ukiwa ndani ya Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, upo utaratibu wa Mamlaka ya Hifadhi, na huko hata aina ya dirisha inaulizwa.

Jirani naye ana haki yake. Nenda ukamwambie kabla ya kelele, siyo baada. Mkubaliane saa. Kwa wengi, kati ya saa tatu asubuhi na adhuhuri, kisha baada ya alasiri hadi kabla ya magharibi, hapana ugomvi. Mwezi wa Ramadhani kazi za randa na msasa wa mkono zinatosha.

Soma maji yanavyotembea

Wakati mzuri wa kulichunguza banda ni masika, Machi hadi Mei, mvua ikiwa juu. Simama ndani kukiwa kunanyesha. Angalia matone, angalia ukuta unaolowa, angalia kizingiti. Kama umeanza kipindi cha kiangazi, tumia mpira wa maji juu ya paa, eneo kwa eneo ukianzia chini kwenda juu, mtu mwingine akiwa ndani anatazama.

Unyevu wa ukutani una alama zake. Ukianzia chini na kupanda hadi kimo cha mita moja hivi, na rangi ikibabuka na kuacha unga mweupe kama chumvi, huo unatoka ardhini. Ukianzia juu na kushuka kwa michirizi, huo ni wa paa. Doa lililo peke yake katikati ya ukuta mara nyingi ni ufa wa nje au bomba. Usipake rangi mpya juu ya doa kabla ya kujua linatoka wapi. Utakuwa unalifunika tu.

Sakafu ipime kwa kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita. Safisha sehemu moja, itandaze, ziba kingo zote nne kwa utepe wa gundi, uiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni au zege imekoza rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Rudia katika sehemu mbili tatu, hasa karibu na kuta.

Paa

Kazi inaanzia juu. Bati tupu chini ya jua la mchana linaweza kupita nyuzi 60 za sentigredi, na usiku linapoa upesi kuliko hewa iliyo ndani, kwa hiyo alfajiri linatoa jasho. Jasho hilo ndilo linalodondokea vyombo vyako, nawe ukadhani paa linavuja.

Kagua misumari yote. Iliyolegea au kuoza itoe, uweke skrubu za paa zenye washa ya mpira, kubwa kidogo kuliko tundu la zamani. Kusi inapovuma kwa nguvu, bati lililoshikwa kwa msumari mlegevu linapiga makofi usiku kucha na tundu linazidi kupanuka. Ukibadilisha mabati, na hasa ukiwa karibu na pwani, chukua la geji 28, ambalo ni nene kuliko lile la 30, na ukipata lenye mchanganyiko wa alumini na zinki utakuwa umenunua miaka. Kenchi na papi ziwe za mbao zilizotiwa dawa.

Kwa joto, hatua ya bei nafuu kuliko zote ni kupaka bati rangi nyeupe upande wa nje. Inayofuata ni foili ya kuzuia joto chini ya papi, upande unaong'aa ukitazama nafasi ya hewa isiyopungua sentimita mbili na nusu. Foili iliyogusana na bati haifanyi kazi. Kisha dari. Hapa nina msimamo: jipsam usiiweke karakana. Inanyonya unyevu, inaota ukungu, na ubao mmoja ukiigonga inatoboka. Dari ya plastiki au ya plaiwudi nyembamba iliyopakwa rangi inavumilia zaidi. Juu ya dari acha matundu pande mbili hewa ipite, uyafunike kwa wavu wa chuma wa matundu madogo, la sivyo utakuwa umewajengea popo.

Weka gata. Paa la mita 3 kwa 6 likinyeshewa mvua ya milimita 50 linamwaga lita 900, na bila gata maji hayo yote yanachimba msingi wako na kurusha matope ukutani. Yaelekeze kwenye tangi. Maji ya kunawia mikono na kulowanishia zege umeshayapata.

Kuta, madirisha na ule mlango mkubwa

Kama banda ni la matofali ya saruji, kazi ni nyepesi: ziba nyufa, piga plasta ya saruji moja kwa mchanga nne, acha ikauke, paka rangi nyeupe. Nyeupe kwa sababu ya mwanga, si kwa sababu ya uzuri.

Kama ni la mawe ya matumbawe na chokaa, kama majengo mengi ya zamani, usimruhusu fundi alipige plasta ya saruji. Ukuta wa chokaa unapumua. Unanyonya maji na kuyatoa. Ukiufunga kwa saruji na rangi ya plastiki, maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya muda vyote vinabanduka pamoja na vipande vya ukuta. Plasta iwe ya chokaa, rangi iwe ya chokaa. Fundi atakuambia saruji ni imara zaidi. Ni kweli saruji ni ngumu kuliko chokaa, na tatizo liko hapo hapo.

Mchanga wa ufukweni usitumike popote, hata ukiletwa kwa bei ya kutupwa. Una chumvi, na chumvi inakula nondo ndani ya zege na kuuvuta unyevu kwenye plasta. Tena kuuchota pwani ni kuharibu fukwe.

Madirisha yawe upande wa kaskazini na kusini kama banda linaruhusu. Sababu ni mbili na zinaelekea pamoja. Pepo zetu ni kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini mashariki, na kusi ya katikati ya mwaka inayotokea kusini. Madirisha mawili yanayotazamana pande hizo yanakuvushia hewa karibu mwaka mzima. Pia jua linachomoza mashariki na kuzama magharibi, kwa hiyo pande hizo mbili zinabaki na mwanga mtulivu usiochoma macho. Dirisha la magharibi litakupikia karakana kuanzia saa tisa alasiri, wakati hasa unaotaka kufanya kazi. Kwa banda la mita za mraba 18, madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2 yanatosha. Yawe na grili, wavu wa mbu, na kizingiti cha nje chenye mteremko. Grili ikiwa ya chuma, ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa, pamoja na zile ncha zinazoingia ukutani.

Sasa mlango wa gari. Usiuzibe wote. Jenga upande mmoja na uache mlango wa mbao wa pande mbili, upana mita 1.6 hadi 1.8. Siku za kawaida unafungua upande mmoja, ukileta mbao au kabati unafungua zote. Ukuta mpya unaojengwa katika uwazi huo usisimame juu ya sakafu ya zamani tu. Vunja ukanda wa sakafu hapo, chimba hadi ardhi ngumu, mwaga zege ya msingi. Na uunganishe na ukuta wa zamani kwa vipande vya nondo ya milimita 8 vinavyoingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa kila baada ya safu mbili au tatu za matofali, la sivyo ufa utasimama wima kwenye maungio kabla mwaka haujaisha. Kizingiti kiinuke sentimita 10 juu ya ardhi ya nje, na nje yake uweke mteremko mdogo wa kutoa maji.

Sakafu

Hapa ndipo karakana nyingi zinapoharibikiwa, kwa hiyo tusikimbie.

Sakafu ya banda la gari ina matatizo matatu. Imemwagwa kwa mteremko kuelekea mlangoni ili maji yatoke, jambo zuri kwa gari na baya kwa benchi na mashine. Imelowa oili. Na mara nyingi haina nailoni chini yake, maana aliyejenga hakufikiria kuwa mtu ataweka mbao juu.

Kama jaribio la nailoni limetoka kavu na sakafu haina nyufa kubwa, huna haja ya kuvunja. Safisha oili: mwagia unga wa mbao au saruji kavu iinyonye, fagia, kisha sugua kwa sabuni kali ya kuondoa grisi na maji ya moto mpaka tone la maji lisisimame kama shanga bali linyonywe na zege. Baada ya hapo sawazisha mteremko.

Kama limetoka na maji, mwaga jamvi jipya juu ya la zamani. Mpango wake ni huu. Kwanza tia dawa ya mchwa kwenye maungio ya sakafu na ukuta na kwenye nyufa zote, kwa kufuata kipimo cha kwenye kopo, ukivaa glavu. Pili, pitisha sasa mabomba ya plastiki ya nyaya kama kuna soketi itakayokaa katikati ya chumba. Watu husahau hili, wakaishia na ekstensheni ya kudumu miguuni. Tatu, tandaza nailoni nene ya ujenzi, ile ya maikroni 250, ipande ukutani sentimita 15 kila upande, na vipande vipishane sentimita 30 na kufungwa kwa utepe. Kwa kuwa zege mpya itakaa juu ya nailoni wala haitashikana na ya zamani, mabaki ya oili hayakusumbui tena. Nne, weka wavu wa chuma mwepesi juu ya vijiwe ili ukae katikati ya zege. Tano, mwaga zege ya unene wa milimita 75, saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo nne.

Kwa mita za mraba 18 unahitaji kiasi cha mita za ujazo 1.35. Hiyo ni mifuko 9 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.6 na kokoto 1.2, na uongeze kidogo kwa kumwagika. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Fundi na vijana wake watataka kuongeza maji ili zege ivutike kwa urahisi. Simama hapo ukatae kwa upole, maana kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu ya zege na kuongeza vumbi la sakafu kwa miaka yote utakayokaa humo. Sawazisha kwa pimamaji refu. Malizia kwa mwiko wa chuma, lakini usiifanye iteleze kama sebule ya vigae, maana unga wa mbao juu ya sakafu laini huangusha watu.

Ilowanishe kwa siku 7. Gunia lililolowa likifunikwa nailoni linasaidia kuliko kumwagia maji asubuhi na jioni tu. Kisha iache. Kabla ya kupaka rangi ya sakafu au kupanga mbao juu yake subiri angalau siku 28, na kama ni msimu wa mvua ongeza.

Vigae? Vinapendeza, vinapasuka nyundo ikianguka. Ukisimama muda mrefu mbele ya benchi, weka chini mkeka mnene wa mpira na umemaliza.

Umeme

Usiendeshe karakana kwa waya mrefu uliotolewa dirishani. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni, lakini ujue cha kumwagiza.

Kutoka nyumbani, baada ya mita ya TUKUZA, itoke laini yake peke yake yenye breka yake hadi kwenye bodi ndogo ya breka ndani ya karakana. Kebo iwe ile yenye ganda la nyuzi za chuma, izikwe kina cha sentimita 60 juu ya mchanga safi, ifunikwe mchanga tena, na juu yake upite utepe wa tahadhari kabla ya kurudisha udongo. Kwa umbali wa mita 20 na mzigo wa ampea 25, kebo ya milimita za mraba 6 inapoteza chini ya volti 4 kati ya 230, na hiyo haina neno. Ukitumia ya 2.5 kwa umbali na mzigo huo, volti zinazopotea zinapita maradufu, waya unapata moto na mota inanung'unika kila ikiwashwa.

Ndani, taa ziwe na breka yake na waya wa 1.5, soketi ziwe na zake na waya wa 2.5. Taa zitenganishwe na mashine ili breka ya msumeno ikikata usiachwe gizani huku bledi bado inazunguka. Kila soketi ilindwe na breka ya kuzuia mshtuko iliyoandikwa 30 mA. Hii si anasa kwa mtu anayesimama juu ya zege, na mikono yake ina jasho.

Waya wa ardhini unastahili neno la ziada. Kwenye udongo mzito mwekundu, fimbo ya shaba ya mita 1.2 hadi 1.5 inaingia vizuri. Maeneo ya maweni, kwenye mwamba wa matumbawe wenye udongo kiduchu juu yake, fimbo moja mara nyingi haitoshi. Zinahitajika mbili au tatu zilizounganishwa, mbali mbali, na fundi apime kwa kifaa chake. Fimbo iliyokatwa katikati kwa sababu imegonga jiwe ipo nyingi mitaani. Simama uone ikiingia.

Hesabu mzigo. Msumeno wa wati 1800 unavuta ampea karibu 8, na mashine ya kufyonza vumbi ya wati 1200 inavuta zaidi ya 5. Pamoja ni 13, kikomo cha plagi moja ya pini tatu. Kila kimoja kiwe na soketi yake. Soketi ziwe nyingi kuliko unavyodhani, kimo cha mita 1.1 kutoka sakafuni, yaani juu kidogo ya uso wa benchi, wala zisikae chini karibu na sakafu zikalishwa unga wa mbao.

Vifaa vya mtumba vina mtego wake. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Vya Japani ni vya volti 100, vya Marekani ni 120 na hezi 60. Transfoma ya kushusha volti inaokoa drili na vifaa vingine vyenye kaboni, vile vipande vyeusi vinavyosugua ndani ya mota, lakini mota kubwa isiyo na kaboni iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kwa umeme wetu wa hezi 50 na kupata moto. Cha Uingereza hakina tatizo hilo. Umeme ukishuka sana, nao huunguza mota. Ukiona taa zimefifia, zima mashine.

Na usiache vyombo vya mkono. Waliokuwapo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu, wanajua. Waya mkubwa wa megawati 100 uliofika Fumba mwaka 2013 umebadilisha mambo, lakini randa, patasi na msumeno wa mkono havimwombi mtu umeme, wala havimwamshi jirani.

Taa ni rahisi. Kwa mita za mraba 18 weka taa ndefu za LED tano au sita za wati 18, mbili zikiwa sambamba na benchi, mbele yako kidogo ili kivuli cha kichwa kisianguke kwenye kazi.

Vumbi, moto

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Unga unaouona sakafuni hauna hatari kama ule usiouona hewani. Mvule hasa, mbao nzuri sana, vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Nunua ya daraja la FFP2 au N95. Piga msasa karibu na mlango ulio wazi, upepo ukitoka mgongoni kwako. Feni iliyofungwa dirishani ikitoa hewa nje ni bora kuliko feni ya dari inayozungusha vumbi lile lile. Kiyoyozi kiache, kitajaa unga kabla hujakifurahia.

Mbao zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijanikijani, mabaki yake yasiende jikoni wala kwenye jiko la chapati. Baadhi zina aseniki. Wala usizitengenezee kibao cha kukatia mboga.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yanaweza kujiwasha yenyewe yakikunjwa na kutupwa pembeni. Yaanike yakiwa yametandazwa nje hadi yakauke, au yatose kwenye ndoo ya maji. Mtungi wa kuzimia moto wa unga ukae karibu na mlango, si nyuma ya benchi.

Kutu na mchwa

Vyombo vya chuma visikae wazi ukutani, hata kama picha za karakana za Ulaya zinaonyesha hivyo. Hewa yetu ina chumvi. Tengeneza kabati linalofunga vizuri, na ndani yake uweke balbu ya zamani ya waya, wati 15 au 25, mbali na chochote kinachoungua. Kazi yake ni kupasha. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85, ikipanda hadi nyuzi 31, unyevu wake unashuka kufika karibu asilimia 68, na kutu inapungua kasi. LED haina joto la kutosha kwa hili. Kila umalizapo kazi, pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani kwenye patasi, randa na meza ya msumeno.

Mchwa wanataka giza na njia ya kificho. Waondolee vyote viwili: rafu ziachane na ukuta sentimita 5, miguu ya benchi ikae juu ya vipande vya chuma au zege, mbao zisilazwe sakafuni. Panga mbao juu ya vyuma vya ukutani, kila tabaka likitenganishwa na vijiti vya sentimita 2 kila nusu mita, hewa ipite. Ukiona kijinjia cha udongo ukutani, kivunje na utie dawa siku hiyo hiyo.

Benchi, na jinsi ya kupanga

Benchi lijenge mwenyewe, ndiyo kazi ya kwanza ya karakana. Kimo chake kifike kifundo cha mkono ukisimama na mikono ikiwa imelegea. Kwa wengi ni sentimita 85 hadi 95. Miguu ya inchi 4 kwa 4, uso wa unene wa sentimita 5, uzito mwingi iwezekanavyo. Mwembe unafaa kwa uso na hauna bei kubwa, ila ukaushe vizuri na uutie dawa, kwani wadudu wanaupenda. Jiliwa lifungwe upande wa mkono usioushikia msumeno. Benchi likae chini ya dirisha, msumeno wa meza katika mstari wa mlango kama tulivyosema, na mashine ndogo ziwe juu ya meza zenye magurudumu yanayofungwa. Mengine utayapanga kadiri unavyofanya kazi.

Mbao mpya zipe wiki kadhaa ndani ya karakana kabla ya kuzikata. Kwa unyevu wa hewa wa asilimia 80, mbao zinatulia zikiwa na maji ya asilimia 16 hivi. Chumba chenye kiyoyozi, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 60, kinazishusha hadi 11, na hapo ubao mpana unasinyaa. Kwa hiyo sanduku utakalompelekea mtu anayelala na kiyoyozi, mfuniko wake usiugundishe pande zote. Utie ndani ya mfereji uliochongwa kwenye fremu, gundi iguse katikati tu, na kingo ziachwe huru kusogea. Droo nayo, kama unaitengeneza katikati ya masika ubao ukiwa umeshavimba, ibane tu, maana kiangazi itajilegeza; ukiitengeneza Januari au Februari, iachie milimita 3 juu, la sivyo Aprili haitafunguka.